Jina Lako Limo Kwenye Karatasi? Historia ya Safari za Wake na Watoto wa Wanajeshi

SEHEMU YA 1: VIKARATASI NDANI YA KOFIA

Leo siongelei uji wa lishe wala homa za usiku. Leo nina historia. Ni ndefu, nimeigawa sehemu tano, kwa hiyo mlaze mtoto kwanza ndipo urudi.

Mdogo wangu wa tumbo moja anaishi Texas. Ameolewa na kijana wa Kikenya aliyejiunga na jeshi la Marekani. Wana watoto wawili: mkubwa ana miaka 3, na mdogo alikuwa na miezi miwili tu haya yalipoanza. Nilikuwa zamu ya usiku wodi ya watoto, saa tisa hivi, simu ikaingia ujumbe wa sauti. Analia.

"Dada, shemeji yako amehamishiwa Ujerumani, miaka mitatu. Tulikuwa tunaenda wote. Leo ofisini wameniambia jina la mtoto halimo kwenye karatasi ya uhamisho. Eti baba atangulie, mimi na watoto tubaki kwanza."

Karatasi ilikuwa imetoka kabla mtoto hajazaliwa. Hilo tu ndilo kosa lake, kachelewa kuzaliwa.

Nikamwambia mdogo wangu, tulia, karatasi inarekebishwa, wewe si wa kwanza. Nilisema vile kumpoza tu. Lakini asubuhi nikiwa kwenye daladala nikajiuliza, hivi kweli si wa kwanza? Wake wa askari wa zamani walivukaje bahari na watoto mgongoni? Nikaanza kusoma. Nilichokikuta kilinifanya nimpigie simu mama yangu, nikamwambia asante bila kumweleza kwa nini.

Tuanzie Uingereza, miaka 200 na zaidi iliyopita, enzi za vita dhidi ya Napoleon. Jeshi lao lilikuwa na kanuni: kikosi kikienda vitani ng'ambo, wake wanaoruhusiwa kufuatana nacho ni 6 tu kwa kila askari 100. Wale waliobahatika walipewa chakula cha jeshi, lakini nusu ya kile cha mwanaume, na walifanya kazi ya kufua, kushona na kuuguza.

Sasa hao sita walipatikanaje? Kwa kura. Vikaratasi viliwekwa ndani ya kofia, vingine vimeandikwa "kwenda", vingine "kubaki". Mara nyingi kura ilipigwa usiku wa kuamkia safari, au pale pale bandarini meli ikisubiri. Mama anaingiza mkono kwenye kofia huku mtoto yuko ubavuni. Akitoa "kubaki", ndio hivyo. Hakuna simu, kambini haruhusiwi tena kukaa, mume anaondoka miaka na miaka, pengine harudi. Anapewa kijisenti cha nauli arudi kijijini kwao, na huko aishi kwa huruma za watu.

Ndugu zangu, mimi ni muuguzi. Mwaka wa kwanza chuoni tunafundishwa habari za Florence Nightingale na taa yake kule Scutari, Uturuki, wakati wa vita vya Crimea. Nilijibu swali lile kwenye mtihani na nikapata. Lakini sikumbuki kama niliwahi kusikia kwamba chini ya sakafu ya hospitali ile, kwenye vyumba vya chini vyenye giza na maji machafu, walikuwa wanaishi wanawake wapatao 200. Ni wake wa askari waliopata kikaratasi cha "kwenda". Jeshi liliwasafirisha, halafu halikuwa na mpango wowote nao. Walijifungulia humo humo, nguo chakavu zimetundikwa ziwe pazia. Mwishoni mwa 1854 alifika bibi mmoja anaitwa Lady Alicia Blackwood, akamuuliza Nightingale nifanye kazi gani. Nightingale akamwomba awatazame wanawake wale.

Kwa hiyo ukipata "kubaki" umeumia, na ukipata "kwenda" unaweza kuumia vilevile. Kusafirishwa ni kitu kimoja, kuandaliwa ni kitu kingine. Lishike hilo tuendelee.

SEHEMU YA 2: NA KWETU JE?

Nilijua kuna atakayeuliza. Nasi tumo kwenye historia hii.

Mwaka 1889 Wajerumani walimtuma Hermann von Wissmann kuja kupambana na Abushiri na watu wa pwani yetu waliokataa kutawaliwa. Wissmann alipitia Misri akaajiri askari wa Kisudani wapatao 600, akawaleta kwa meli. Wengi wa wale askari walikuja na wake zao na watoto wao. Kwa hiyo miongoni mwa familia za kwanza za kijeshi kuhamia pwani yetu kwa kuvuka bahari, walikuwamo akina mama wa Kisudani walioshuka na vyungu na watoto wao kwenye nchi wasiyoijua, katikati ya vita ambavyo si vyao. Baadaye askari wa Mjerumani walipokuwa wakihama boma hadi boma, wake na watoto walitembea nao kwenye misafara. Walipika, walibeba, waliuguza na walizaa njiani. Ukisoma vitabu vingi utakuta idadi ya bunduki imeandikwa vizuri. Majina ya akina mama hao utayatafuta sana.

Vita vya Pili vya Dunia ikawa kinyume. Askari wa King's African Rifles na wenzao kutoka Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland walipelekwa Ceylon na Burma, na familia zikabaki nyumbani. Hakuna kura wala kofia, ni kubaki tu.

Tarehe 5 Februari 1944 msafara wa meli uliondoka Mombasa kwenda Colombo. Meli mojawapo iliitwa Khedive Ismail. Ilibeba watu zaidi ya 1,500, wakiwemo askari wa mizinga wa Afrika Mashariki na wauguzi wa kijeshi zaidi ya 50. Tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Japani iliipiga. Ilizama kwa muda wa dakika mbili hivi. Walikufa karibu watu 1,300. Wanawake waliokufa walikuwa 77, wengi wao wauguzi.

Hapa niliweka simu chini. Niliwawaza wauguzi wenzangu, lakini niliwawaza pia akina mama wa vijijini, Ukambani, Unyamwezini, Uhehe. Mtu ameaga, amepanda treni kwenda Mombasa, na habari zake zinaishia hapo. Nina bibi kizee jirani yetu ambaye baba yake alikwenda Burma. Aliniambia mama yake alikuwa akisikia mbwa wanabweka usiku anainuka kufungua mlango. Yule baba alirudi. Mamia ya wale wa Khedive Ismail hawakurudi.

SEHEMU YA 3: MWAKA WA MABIBI HARUSI

Vita vikaisha 1945. Askari wa Marekani walikuwa wameoa huko Ulaya, Uingereza peke yake wasichana wapatao 70,000. Sasa hao wake na vichanga vyao inabidi wavushwe Atlantiki. Bunge la Marekani likapitisha sheria Desemba 1945, na tarehe 26 Januari 1946 meli ya Argentina ikaondoka Southampton ikiwa na wake zaidi ya 450 na watoto 173. Iliingia New York tarehe 4 Februari, usiku, baridi kali, waandishi wa habari wamejaa.

Hii ndiyo mara ya kwanza nakutana na kitu kinachofanana na maandalizi. Kulikuwa na kambi ya kuwakusanya, mahali panaitwa Tidworth, kusini mwa Uingereza. Huko walipimwa afya, wakakaguliwa karatasi na kuchanjwa ndui. Lakini pia kuna jambo ambalo wengi wao walilisimulia wakiwa vikongwe, na bado sauti zilikuwa zinatetemeka. Walipangwa mstari, wakavuliwa nguo, na daktari akapita akiwamulika tochi sehemu za siri mbele ya wenzao. Mwanamke hajafanya kosa lolote, ameolewa tu, anakwenda kwa mumewe.

Wauguzi wenzangu mnaonisoma, pazia la wodini si pambo. Lifunge.

Sasa nakuja kwenye sehemu iliyoniuma kuliko zote. Mei 1946 meli nyingine, Zebulon B. Vance, ilifika New York ikitokea Ulaya imejaa wake na watoto wa askari. Njiani vichanga vilianza kuharisha. Fikiria vyumba vimejaa, mama kadhaa na watoto pamoja, nepi za kufua, chupa za maziwa za kuchemsha, bahari inayumbisha, mama mwenyewe anatapika. Watoto kadhaa walikufa. Walivuka vita vya dunia tumboni mwa mama zao, wakaja kufa kwa kuharisha, baba anasubiri kuwaona kwa mara ya kwanza.

Nimefanya kazi wodi ya watoto miaka tisa. Najua macho yaliyodidimia yanavyoonekana, na najua utosi ulioingia ndani. Leo tuna ORS. Ile pakiti ya chumvi na sukari unayopewa kliniki bure, ukaitupa kabatini, mchanganyiko wake ulithibitishwa huko Dhaka mwishoni mwa miaka ya 1960, na 1971 daktari Dilip Mahalanabis akautumia kwenye kambi ya wakimbizi India, maelfu wakapona. Akina mama wa ile meli hawakuwa nao. Wewe unao. Ukisafiri na mtoto mdogo kwenda popote, iwe Ujerumani au Kigoma kwa treni, weka pakiti mbili kwenye mkoba. Kama mtoto ananyonya, mnyonyeshe, hiyo ndiyo chupa isiyohitaji kuchemshwa.

Mwezi mmoja kabla ya hapo, Aprili 1946, meli ya Thomas H. Barry ilitia nanga Bremerhaven, Ujerumani, na familia za kwanza za wanajeshi wa Marekani waliokuwa wamebaki kule. Walishuka kwenye nchi iliyobomoka kwa mabomu. Ndiyo njia ile ile mdogo wangu alikuwa anaisubiri, miaka karibu 80 baadaye. Kumbe ofisi iliyomwambia "baki" ni mjukuu wa ofisi ile.

SEHEMU YA 4: WALIOSHUKA NA NGUO ZA KULALIA

Wengi mmewahi kusikia jina Empire Windrush, meli iliyowapeleka watu wa Karibi Uingereza 1948. Wachache wanajua mwisho wake. Ilikuwa meli ya kusafirisha wanajeshi na familia zao.

Machi 1954 ilikuwa inarudi Uingereza kutoka Mashariki ya Mbali. Abiria walikuwa 1,276, na kati yao wanawake 125 na watoto 87. Alfajiri ya tarehe 28, ikiwa Mediterania karibu na pwani ya Algeria, chumba cha injini kililipuka moto. Wafanyakazi wanne wa injini walifariki. Umeme ukakatika, vipaza sauti havifanyi kazi, moshi kila mahali, watoto wamelala.

Abiria wote wakaokolewa. Wote! Wanawake, watoto na wagonjwa walitangulizwa kwenye boti, na askari wakaamriwa wasimame kwenye sitaha, wasikimbilie. Utaratibu ule ulikuwa na jina la meli nyingine, Birkenhead, iliyozama Afrika Kusini mwaka 1852. Kwenye Birkenhead askari walisimama mstari hadi meli ikakatika, ili boti yenye wanawake na watoto isizidiwe, na hao wote wakapona.

Sasa, mama zangu, ona jambo hili. Familia za Windrush ziliokoka na nguo za kulalia. Mizigo yote ya miaka ya kuishi ng'ambo iliungua: vyeti, picha za harusi, pesa, midoli. Wakapelekwa Algiers, kisha manowari ikawafikisha Gibraltar, na kutoka hapo wakapandishwa ndege kwenda kwao. Meli iliungua, ndege ikamalizia safari. Miaka minane baadaye, 1962, Uingereza ikaacha kabisa kusafirisha wanajeshi kwa meli zake. Zamu ikawa ya ndege.

Ndiyo maana huwa nawaambia akina mama wanaosafiri: vyeti vya kuzaliwa, pasi, kadi za chanjo na dawa za siku tatu visikae kwenye sanduku. Vikae mwilini mwako, kwenye kimkoba ambacho ukiamshwa usingizini na kuambiwa toka, unatoka nacho. Piga na picha zake umtumie mtu mmoja wa nyumbani.

SEHEMU YA 5: ANGANI

Msidhani ndege zilianza zikiwa hizi za kuleta juisi na katuni.

Ndege kubwa ya jeshi la Marekani baada ya vita iliitwa C-54. Haikuwa na mfumo wa kuongeza hewa ndani. Ilipaa chini chini kwenye mawingu mabaya, ikirushwarushwa. Tarehe 26 Januari 1950 moja iliondoka Anchorage, Alaska, kwenda Montana, na watu 44. Abiria karibu wote wanajeshi, isipokuwa mke wa sajini mmoja, mjamzito, pamoja na mwanawe ambaye hajatimiza miaka miwili. Ilipita Kanada, ikaita kwenye redio, halafu kimya. Haijaonekana hadi leo.

Baadaye zikaja ndege zenye hewa ya kutosha ndani, na za jeti mwishoni mwa miaka ya 1950. Ndege za leo, hewa ya ndani inafanana na ya mahali palipo juu kama mita 1,800 hadi 2,400. Yaani ni kama umesimama ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Mtoto mwenye afya anaimudu. Mwenye shida ya moyo, mapafu, au upungufu mkubwa wa damu, daktari amwone kabla. Jeshi la Marekani siku hizi linawapima watoto wote kabla ya kuwaruhusu kwenda ng'ambo, kuona kama hospitali ya huko itaweza kuwahudumia. Ukikumbuka vyumba vya chini vya Scutari, utajua kwa nini kipimo hicho ni kitu kikubwa.

Chanjo nazo zina historia yao. Enzi zile huwezi kuvuka bila cheti cha ndui, mkono umevimba, mtoto ana homa. Leo haipo. Mtu wa mwisho duniani kuupata ugonjwa ule kwa njia ya kawaida alikuwa jirani yetu, Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali mjini Merca, Somalia, Oktoba 1977. Alipona. Mwaka 1980 dunia ikatangaziwa ndui imekwisha. Chanjo moja imefutwa kwenye orodha ya safari kwa sababu watu walikubali kuchanjwa. Ukiona foleni kliniki ukataka kugeuza, mkumbuke huyo mpishi.

Na kiti cha mtoto. Julai 1989 ndege ya abiria iliharibikiwa, ikaanguka Sioux City, Marekani. Utaratibu wa wakati ule ulikuwa kumwambia mama amlaze mtoto wa kupakata sakafuni. Jan Brown, mkuu wa wahudumu, ndiye aliyewaambia. Mtoto mmoja hakupona, na mama yake alimkuta Jan nje akimtafuta mwanawe. Jan alitumia miaka mingi ya maisha yake akidai kila mtoto awe na kiti chake na mkanda wake. Sheria bado inaruhusu kupakata mtoto chini ya miaka 2. Lakini kama mfuko unaruhusu, au kama tiketi inalipwa na mwajiri, omba kiti.

Basi nikaandika yote hayo, nikamtumia mdogo wangu. Shemeji alitangulia. Kilichofuata ni wiki tano za makaratasi. Jina la mtoto liliongezwa. Picha ya pasi ya kichanga ilichukua nusu siku, maana kila wakifumbua macho yake yeye anafumba. Kipimo cha afya wakapita. Siku ya safari nilimpa maagizo ya mwisho:

Mnyonyeshe ndege inapopaa, na zaidi inapoanza kushuka, kumeza ndiko kunazibua masikio. Mkubwa mpe kitu cha kutafuna. Asipewe dawa ya mafua ili alale, hata kama kiti cha jirani wanakuambia ni kawaida. Nguo za kubadilisha ziwe za watoto NA zako, maana akikutapikia utakaa hivyo hadi Ulaya. Kunywa maji, inuka utembee, wewe umejifungua juzi na damu inaganda kirahisi. ORS mbili. Kimkoba shingoni.

Akapaa kutoka Baltimore kwa ile ndege ya kukodi ya jeshi inayoitwa Patriot Express, peke yake na watoto wawili. Saa nane hivi angani hadi Ramstein. Sikulala, na sikuwa zamu.

Alfajiri sauti ikaingia. Mkubwa alitapika mara moja, kwenye viatu vya koplo fulani aliyecheka. Mdogo alilia wakati wa kushuka, akanyonya, akanyamaza. Halafu akaniambia, "Dada, tulipofika mlangoni kuna mtu wa kikosi cha shemeji yako alikuwa anatusubiri na karatasi. Akasoma majina. Langu, la mkubwa, na la mdogo. Nikalia mbele za watu."

Nilimwelewa. Kuna mama aliyetoa kikaratasi kwenye kofia akasoma "kubaki". Kuna waliovuka na hawakuandikwa popote. Mdogo wangu amesomewa majina matatu na mtu aliyetumwa kuwapokea.

Kama unaandaa safari na wanao, ya jeshi, ya kazi, ya masomo, hata ya kumfuata mume mkoa mwingine, kabla hujanunua sanduku ulizia mambo mawili: majina yetu wote yamo? Na nani anatupokea? Usione haya kuuliza mara ya pili.

Usiku mwema mama zangu. Kesho nipo zamu ya asubuhi. Turudi kwenye uji.